Eda Ndani ya Costa

Makurunge, Bagamoyo
20 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla Zawadi hajalimaliza neno. Mwambie asome polepole, na asiruke mahali pagumu akidhani anakuhifadhi. Zawadi, binti ya kaka yangu, msomee bibi yako yote, hata pale atakapokwambia basi.

Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Kaka Rajabu imekusaidia, au bado ukiamka unashika ukuta mpaka ufike mlangoni? Na ziwa limerudi mahali pake, au maji bado yako juu? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kifua kilinibana siku mbili kwa ajili ya ubaridi, sasa kimeachia.

Najua tangu Alhamisi mnanipigia hamnipati. Simu yangu iliingia maji. Mwalimu Felista aliifukia kwenye mchele siku mbili kama anavyofanya kila mtu, mchele tumeshaupika na kuula, simu bado haiwaki. Mwalimu Felista ndiye mwenye kiwanja tulipokuwa tumepaki, Mpare mmoja mstaafu, nimewahi kukusimulia habari zake. Barua hii ataibeba mwanafunzi wake wa zamani ambaye ni kondakta wa basi la Kigoma. Naomba Mungu ifike kabla Kaka Rajabu hajapanda gari kuja kunichukua, maana mara ya mwisho tulipoongea aliapa kwamba akikuta simu yangu imezimwa siku tatu, ya nne yuko njiani. Mama, mzuie kwanza. Sikiliza yaliyotokea, kisha uamue wewe mwenyewe kama aje au asije.

Tangu Salehe wangu alipofariki, mwisho wa Januari, nimekaa eda humu humu garini. Ramadhani imenikuta humu, Idi imenikuta humu. Nasikia Shangazi alisema, "Eda gani hiyo ya kukaa kwenye basi?" Simlaumu, hajaliona. Kwake Costa ni viti na kondakta anayegonga bodi. Ya kwetu ina kitanda, jiko la gesi, pipa la maji, cherehani yangu imefungwa kwa boliti sakafuni, na meza ambayo Salehe alitengenezea vyerehani vya watu. Katikati ya sehemu ya dereva na chumba chetu kuna pazia la kijani nililolishona mwenyewe. Kwa miaka sita hatukuwa na mlango mwingine wa kufunga jua likizama.

Wewe unatujua tulivyoishi. Kila mwaka tulizunguka njia ile ile: Bagamoyo, Makurunge, Kiwangwa penye mananasi, Msata, Chalinze, Ubena, halafu tunageuza. Yeye anatengeneza vyerehani, mimi nashona sare za shule na magauni. Fundi wa kupita hushona upindo mwembamba, maana mteja hatamwona tena. Mimi niliacha upindo wa vidole vinne, kwa kuwa nilijua nitarudi. Mwaka ukizunguka, watoto wale wale wananiletea sketi zile zile, nafungua upindo nashusha kidole kimoja. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mahali pamekua. Kiwangwa yuko binti nimemshushia sketi moja mara mbili, na kila mara mama yake husema, "Umebakisha kitambaa cha mahari kabisa!"

Sehemu zote tulisimama isipokuwa Chalinze. Pale kaka yake Salehe, Shomari, ana banda la matairi kando ya barabara kuu. Banda hilo walilianzisha pamoja, wakagombana, Salehe akaondoka, na mimi nilipoolewa nilikuta ugomvi umeshakauka kama tope la zamani, hakuna anayeligusa. Kila mwaka tukifika mbele ya banda, Salehe anapiga honi mara mbili, fupi fupi, lakini hapunguzi mwendo. Siku moja nikamuuliza, "Unamsalimia nani?" Akasema, "Barabara."

Alifia humu, Mama, wakati wa alfajiri. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavaa viatu aende msikitini. Amevaa kimoja. Mimi nilikuwa nachota maji pipani, nikasikia kikombe kimeanguka, nikadhani amekidondosha.

Shomari alikuja na ndugu zake siku hiyo hiyo, wakamchukua kwenda kumzika Ubena, kwao. Akaniambia nipande twende, eda nitakaa nyumbani kwake Chalinze. Nilisita. Shehe wa msikiti wa hapa alikuwepo, nikamuuliza mbele za watu. Akasema mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, asiihame ila kwa hofu au dharura.

"Nyumba yenu ni ipi?" akaniuliza.

"Ni hii."

Akaliangalia gari kuanzia mbele mpaka nyuma, kamba ya nguo, ndoo, na ngazi ya mbao mlangoni. "Basi kaa," akasema. Shomari aliondoka bila kuniaga.

Baada ya Idi akanipigia. Aliongea kwa adabu, lakini kama mtu aliyekwisha kuamua.

"Shemeji, nitakuja na mafundi wangu kulichukua gari. Mjane wa ndugu yangu hawezi kukaa porini kama mzigo uliosahauliwa. Utamalizia eda kwangu, mke wangu ameshakutandikia chumba."

"Na gari?"

"Gari ni la marehemu." Akakata simu.

Tangu siku hiyo sikupata usingizi. Chumba alichonitandikia ni cha heri, sina ubaya na mke wake. Lakini mgeni ni siku mbili, Mama, ya tatu mpe jembe. Mimi sina mtoto, sina kiwanja, vyote tulivyochuma viko ndani ya bati hili. Nikishuka na gari likaondoka, kesho yake linabeba abiria wa Morogoro, na mimi nitakuwa mtu wa kuuliza nilale wapi mpaka kufa kwangu. Hilo ndilo lililokuwa kooni mwangu. Mengine yote yalitoka hapo.

Sasa yule mama anayeuza karanga pale kisimani akasema neno, likanifikia. Alisema, "Nyumba gani ina usukani? Siku shemeji yake akiwasha, nyumba imekwenda." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nililala nalo neno hilo, nikaamka nalo, na asubuhi nikamwambia Mwalimu Felista aniitie vijana wa gereji. Wakaliinua gari kwa jeki, wakafungua magurudumu yote sita, wakaliacha limekaa juu ya matofali ya saruji. Mwalimu akayafungia magurudumu stoo kwake, ufunguo akautia kifuani.

"Sasa ni nyumba," akasema. "Tuone nani atakuja kuendesha nyumba."

Nilifanya na jambo jingine ambalo huenda utacheka. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kukuletea maji ya kunawa. Nakumbuka kile kioo chako cha duara ulikigeuza kikatazama ukuta mpaka eda ikaisha. Humu vioo viko vitatu, vya pembeni viwili na cha ndani kwa dereva. Sikuweza kuvigeuza ukutani. Nilivifunga kwa vipande vya kanga, nikakaza fundo. Gari likawa limekaa juu ya matofali, limefungwa macho, na mimi ndani yake nikalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza.

Hilo ndilo kosa langu, Mama. Masika ilikuwa inaingia. Mimi niliyezaliwa kando ya ziwa, niliyeona nyumba za majirani zikiingiwa na maji, niliiweka nyumba yangu bondeni nikaikata miguu.

Mvua ilinyesha siku tatu. Maji ya mto Ruvu hayakuja kwa kishindo, yalikuja mashambani kimya kimya. Alhamisi asubuhi nilifungua mlango kumwaga maji ya kuoshea vyombo nikakuta sina pa kuyamwaga. Ngazi yangu ya mbao ilikuwa inaelea. Kufika adhuhuri maji yalikuwa yanalamba tofali la pili.

Mwalimu Felista akaja kutoka nyumbani kwake, ambako sakafu iko juu, ameshika mwavuli na gauni amelikunja mpaka magotini.

"Hidaya, toka."

"Siwezi, Mwalimu."

"Huwezi au hutaki? Maana nimefundisha miaka thelathini, nayajua majibu yote mawili."

"Niko edani."

"Mungu hana haja na mjane aliyezama! Hata shehe wenu atakwambia hivyo hivyo."

Na kweli. Dharura hata mtoto wa chuo cha Kurani anaijua. Mama, nisikudanganye wewe, sikubaki ndani kwa kuogopa dhambi. Nilibaki kwa sababu niliona nikikanyaga chini tu, Shomari atasema eda imeshatoka garini, gari halina mtu, na hatakuwa amesema uongo. Niliisingizia dini, nami namwomba Mungu anisamehe.

Nikamjibu Mwalimu kwamba maji yatashuka. Hata kabla hajanijibu, tofali la nyuma upande wa kushoto likazama topeni. Gari lilitoa sauti kama ng'ombe, likalala upande. Pipa la maji likateleza likagonga mlango, sufuria zikamwagika, na simu iliyokuwa mezani ikapita dirishani mbele ya macho yangu. Nilishika mguu wa cherehani. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimefungwa sawasawa. Nikasikia Mwalimu anaita majirani, lakini kila jirani alikuwa na maji yake.

Hapo ndipo nikasikia pikapu barabarani. Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia la dirisha. Walishuka wanaume watatu wenye jeki na spana, wa mbele ni Shomari. Ametimiza ahadi yake siku ile ile, kana kwamba mvua ilimpigia simu.

Akayatazama matofali, akalitazama gari lilivyoinama, kisha akatembea ndani ya maji kumfuata Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekwisha kusimama mlangoni mwa stoo.

"Mama, magurudumu yako wapi?"

"Siyatoi. Umekuja kuchukua gari, hukuja kuokoa mtu."

"Mama, gari linalala."

"Usiniite mama, tunalingana mimi na wewe."

"Haya, dada. Nipe magurudumu, dada, haya maji hayatungoji mpaka tujuane!"

"Kachukue barua ya serikali ya mtaa kwanza."

"Lahaula! Mpare na kesi, hata kwenye mafuriko!"

"Na wewe Mkwere, na haraka ya kula cha ndugu yako!"

Mmoja wa mafundi aliinama kuficha kicheko. Shomari hakucheka. Alikuja mpaka dirishani kwangu, mvua inampiga kichwani. Hakufunua pazia. Aligonga bati mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Asalaam aleikum, shemeji."

"Waaleikum salaam."

"Maji yamenifika gotini. Toka, nikusogeze kwa Mwalimu."

"Nikitoka, gari utalipeleka wapi?"

Nilisikia mvua juu ya paa, na maji yakigonga chini ya sakafu kama mtu anayetafuta mlango. Angeweza kunidanganya, Mama. Ilikuwa rahisi kabisa.

"Chalinze," akasema.

"Basi sitoki."

"Shemeji, utakufa humo kwa ajili ya bati?"

"Ni nyumba yangu. Wewe unalitakia nini? Magari yanajaa kwenu Chalinze, mchana na usiku yanapita."

Nikasikia hatua zake ndani ya maji. Nikadhani ameondoka. Kisha nikamsikia tena, sasa ameegemea bati, sauti iko karibu na imeshuka.

"Yanapita, ndiyo. Na hili lilikuwa linapita. Kila mwaka. Linapiga honi mara mbili, linakwenda zake. Mimi niliijua honi ile hata nikiwa chini ya lori. Natoka, nasimama na spana mkononi, najisemea labda safari hii atasimama. Na mimi sikusogea barabarani nikampungia, shemeji. Hata siku moja. Niliona yeye ndiye mdogo, asimame yeye." Akavuta pumzi. "Nilitaka tu lisimame mbele ya banda langu. Hata kama mwenyewe hayumo."

Mama, mimi nilikaa kiti cha pembeni miaka yote ile. Niliisikia honi ile nikadhani inakwenda hewani. Sikujua kama kuna mtu upande wa pili aliyeipokea. Salehe naye amekufa hajui. Nililia, lakini sikulia kwa sauti, maana sakafu ilikuwa imeanza kupitisha maji na haikuwa saa ya kulia.

Nikapaza sauti. "Mwalimu, mpe magurudumu."

"Una akili, Hidaya?"

"Mpe."

"Akilichukua?"

"Likizama sitakuwa na la kuchukuliwa. Mpe, Mwalimu."

Akautoa ufunguo kifuani polepole sana, kama anang'oa jino.

Sitakueleza yote ya saa mbili zilizofuata. Walipanga mbao chini ya maji ili jeki isizame. Jeki ilizama hata hivyo, wakaipanga upya kwa mlango wa banda la kuku wa Mwalimu. Nati zilidondoka, fundi mmoja akawa anazitafuta kwa vidole vya miguu, akiipata moja anasema "Bismillahi" na kuirusha juu; na simu yangu aliipata hivyo hivyo. Magurudumu ya nyuma yanatakiwa manne, wakafunga mawili ya ndani tu, mengine wakayatupa kwenye pikapu. Kila walipoinua upande mmoja, mimi ndani nahamia upande mwingine na vyombo vyangu, kwa kuwa Shomari alikuwa anapaza sauti, "Shemeji, kaa kulia! Shemeji, sasa kushoto!" Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu yangu. Cherehani ilikuwa imesimama ndani yake kama korongo.

Walipomaliza, Mwalimu akapanda nyuma pamoja nami ili nisiwe peke yangu na mwanamume asiye maharimu wangu. Alikumbatia pipa kwa mikono miwili, akaanza kuimba wimbo wa kanisani chini chini. Mimi nilikuwa naleta istighfari. Shomari akapanda mbele, upande wa pili wa pazia. Nikamsikia amekaa, amevuta kiti.

"Shemeji, vioo vimefungwa."

"Ni kwa ajili ya eda."

Mtu mwingine angecheka. Yeye akasema, "Naomba ruhusa nivifungue vya nje. Nikirudi nyuma bila kuona tutaingia shimoni."

"Vifungue. Cha ndani kiache."

"Cha ndani sitakigusa."

Nikampitishia ufunguo chini ya pazia. Gari halikuwaka mara ya kwanza. Halikuwaka mara ya pili. Mara ya tatu likakohoa, likashika, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu jinsi ilivyokuwa ikitetemeka alfajiri zote za miaka sita. Mwalimu akaacha kuimba. Tulikwenda nyuma, tukateleza, mafundi wakasukuma, tukateleza tena, halafu nikasikia kokoto. Tumepanda njia.

Lakini hofu yangu ilikuwa haijaisha, Mama. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Maana sasa gari lina magurudumu, lina mafuta, na aliyeshika usukani ni yule yule aliyeniambia Chalinze. Sikuweza kuona mbele kwa sababu ya pazia. Ila kuna kikombe cha bati ambacho Salehe alikining'iniza kwenye msumari juu ya meza, kile kile kilichodondoka siku ile. Kila nilipokuwa nyuma nikishona safarini sikuhitaji kuangalia nje. Gari likikata kulia, kikombe kinakwenda kushoto kinagonga ukuta. Likikata kushoto, kinakuja upande wangu, hakigongi kitu. Njia ile ya kokoto inatokea kwenye lami. Kulia ni Bagamoyo. Kushoto ni Kiwangwa, Msata, Chalinze. Nikakikazia macho kikombe.

Tulipita tuta la kwanza. Tukapita pale penye mzizi, sufuria zikaruka. Nikajua tumekaribia. Gari likapunguza mwendo, likasimama. Nikasikia wipa zinakwenda na kurudi. Malori yalikuwa yanapita mbele yetu. Mwalimu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. Kikombe kimetulia kabisa.

"Shemeji," Shomari akasema nyuma ya pazia, "tunaelekea wapi?"

Tangu Januari kila mtu ananiambia pa kwenda. Yeye, majirani, na msinikasirikie, hata nyinyi wa nyumbani. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza.

"Kulia," nikasema. "Nyuma ya msikiti, kwenye mwinuko."

Kikombe kikaenda kushoto, kikagonga ukuta.

Huko ndiko ninakokuandikia. Ni mahali tulipolala usiku wetu wa kwanza kabisa na gari hili, kabla hatujamjua Mwalimu. Tulipofika Salehe alikuwa hajaweka hata kitanda, tulilala juu ya magunia, na asubuhi akaniuliza kama nimejuta. Nilimwambia nitamjibu tukirudi mwaka kesho. Lile tofali alilozuilia gurudumu bado lipo, limeota majani.

Shomari alizima gari. Kisha mkono wake ukapita chini ya pazia, umejaa tope, umeshika ufunguo. Uso aliugeuzia dirishani, kwenye upenyo wa pazia niliona kisogo tu.

"Mirathi tutakaa na Shehe eda ikiisha, kama sheria inavyotaka," akasema. "Fungu langu la gari mimi nimekuachia. Mwalimu ni shahidi."

"Nimesikia," Mwalimu akadakia, "na nitaandika."

"Andika, dada, andika. Mpare." Halafu akanigeukia mimi, yaani aligeukia pazia. "Ila ukipita Chalinze, usinipite."

Shehe alikuja jioni, akanisikiliza, akaniambia kwa upole kwamba ningetoka tangu asubuhi nisingepata dhambi yoyote, na kwamba siku nyingine nisitumie eda kama kufuli. Nilimwambia nimekoma. Magurudumu mawili yaliyobaki Shomari amekwisha kuyafunga. Vioo vya nje nimevifunga tena kanga. Cha ndani hakijaguswa.

Kwa hiyo, Mama, mwambie Kaka Rajabu asije kunichukua. Akitaka kuja kunitembelea, nitafurahi, na ataona kwa macho yake. Zimebaki siku arobaini na kitu. Zikiisha nitawasha gari mwenyewe, Salehe alinifundisha vizuri kuliko nilivyokuwa nawaambia. Kituo cha kwanza ni Chalinze, nitapiga honi mara mbili na nitasimama. Kisha Ubena, nikamwombee dua nikiwa jirani naye. Halafu nirudi Kiwangwa, yule binti lazima sketi imeshampanda magotini, na bado nina vidole viwili vya upindo.

Nisalimie Kaka Rajabu na wifi yangu. Nisalimie Shangazi, mwambie eda ya kwenye basi inakwenda vizuri. Nisalimie jirani yetu mchoma samaki, na mwalimu wangu wa chuo kama bado anaona. Zawadi, ahsante kwa kusoma, nitakushonea gauni na nitaacha upindo mrefu.

Mimi mwanao,
Hidaya

Mama, unikumbuke katika dua yako ya alfajiri, saa ile Salehe alipokuwa anavaa viatu.